Njia ya Pili ya Mtandao Shuleni si Ubadhirifu

Katika mikutano ya bodi za shule zetu za mashambani kumezoeleka hoja moja ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kujibiwa hadharani. Mwalimu wa somo la kompyuta husimama akaomba fedha za kununua ruta ya pili, yaani kile chombo ambacho baadhi yetu hukiita kipanga njia, kinachopokea ujumbe kutoka kwa tarakilishi za shule na kuuelekeza kwenye ulimwengu wa nje. Kabla hajamaliza maelezo yake huulizwa: Je, ile ya kwanza imeharibika? Akijibu kwamba ingali nzima, ombi lake huwekwa kando na mkutano ukaendelea na habari za madawati na matangi ya maji. Hakuna mwenye nia mbaya katika kisa hiki. Fedha za shule ni chache, na chombo kinachokaa tu huku kingine kikifanya kazi huonekana kuwa israfu tupu.

Mimi si mhandisi. Taaluma yangu ni isimu, na huenda msomaji akashangaa kuniona nikijitosa katika mambo ya nyaya na mitambo. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kizingiti kinachomzuia mwalimu huyu ni cha lugha kabla hakijawa cha fedha. Ya pili ni kwamba jambo analolitetea, ambalo wahandisi wamelifanya kanuni ya kazi yao, lugha zetu zimekuwa zikilitenda tangu kabla ya waya wa kwanza wa simu kutandazwa katika nchi hizi.

Tuanze na neno lenyewe. Neno la Kiingereza ambalo wahandisi hulitumia kwa mpango wa kuweka vyombo viwili kwa kazi moja ndilo hilo hilo linalotumika katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kumhusu mfanyakazi anayeachishwa kazi kwa kuwa hahitajiki tena. Sisi wanaisimu nasi, tulipolitafutia kisawe, tukasema uziada. Ziada ni nini? Ni kile kilichozidi haja, kilichobaki baada ya wenye haki kupata mafungu yao. Mjumbe wa bodi akisikia kwamba anaombwa kulipia uziada, ana haki ya kukataa. Mweka hazina gani atasaini hundi ya kununua kisichohitajika?

Kumbe Kiswahili kina neno lililo bora zaidi, nalo halihitaji kamati ya istilahi. Neno hilo ni akiba. Tuna mchezaji wa akiba, tuna askari wa akiba, tuna akiba ya mahindi ghalani na akiba ya fedha katika chama. Hakuna shabiki anayemlaumu kocha kwa kwenda uwanjani na mlinda lango wa pili, ingawa mlinda lango huyo aghalabu hukaa kwenye benchi hadi kipenga cha mwisho. Wala hakuna mkulima anayeitwa mbadhirifu kwa sababu alihifadhi mbegu ambazo hakuzipanda msimu huu. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba akiba haiozi. Tungesema ruta ya akiba, au njia ya akiba, nusu ya ubishi ingekuwa imekwisha.

Sasa tuitazame lugha. Chukua sentensi ya kawaida: Vitabu vyangu vile vitatu vimepotea. Kila neno katika sentensi hiyo limebeba alama ya ngeli yake. Wingi na aina ya kitu kinachozungumziwa vimetajwa mara tano, ilhali mara moja ingetosha kwa mtu mwenye haraka. Wageni wanaojifunza Kiswahili huulalamikia sana upatanisho huu wa kisarufi, wakidhani ni mzigo usio na faida. Lakini fikiria mzazi anayepigiwa simu mvua ikinyesha juu ya bati, na neno la kwanza likamezwa na radi. Akisikia sauti ikisema "vyangu vile vitatu vimepotea", ataguna na kuahidi kutafuta. Akisikia "wangu wale watatu wamepotea", atatoka mbio bila viatu. Nomino haikumfikia katika hali zote mbili, na bado alijua iwapo waliopotea ni viumbe au vitu. Alama zilizobaki ndizo zilizouokoa ujumbe.

Ekegusii, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani ya wengi wa wanafunzi ninaowafikiria ninapoandika makala haya, nayo ni lugha ya Kibantu, na hujenga sentensi zake kwa upatanisho wa namna hii hii. Mtoto wa Nyamarambe anayesema omonto kwa mtu mmoja na abanto kwa watu wengi, kisha akavipatanisha vivumishi na vitenzi vyake ipasavyo, amekwisha kuwa mhandisi wa mawasiliano kabla hajaingia darasa la kwanza.

Haya si mawazo ya mwalimu wa lugha anayeipendelea taaluma yake. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell, alichapisha nadharia iliyoweka msingi wa mawasiliano ya kisasa, na humo akaitumia lugha kama mfano. Alikadiria kwamba takriban asilimia 50 ya Kiingereza cha maandishi hutokana na muundo wa lugha yenyewe, wala si uteuzi huru wa mwandishi. Akaonyesha vilevile kwamba sehemu hiyo ndiyo inayotuwezesha kuusoma ujumbe ambao baadhi ya herufi zake zimepotea. Lugha isiyo na akiba kabisa ingekuwa fupi mno, na kosa moja la herufi lingetosha kuubatilisha ujumbe mzima.

Nyamarambe, kwa msomaji asiyepajua, ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Gucha Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Ni nchi ya vilima na migomba, na hapo jirani, Tabaka, ndipo yanapochimbwa na kuchongwa mawe ya sabuni ambayo yameipatia Gusii sifa ulimwenguni. Nilipokwenda huko kuzungumza na walimu wa Kiswahili, mazungumzo baada ya mhadhara hayakuwa juu ya ngeli wala fasihi. Walimu walitaka kuzungumzia mtandao. Mmoja wao alinisimulia jinsi alivyomaliza kuandaa alama za wanafunzi wake jioni ya siku ya mwisho ya kuziwasilisha, akakuta taa ya ruta ya shule imegeuka nyekundu. Alipanda bodaboda, alama zikiwa katika kifaa kidogo mfukoni, akatafuta mahali penye mawasiliano hadi usiku. Alifaulu, lakini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: Je, kama mvua ingekuwa imeikata barabara?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Zamani tarakilishi shuleni ilikuwa pambo la ofisi ya mwalimu mkuu. Leo alama za tathmini za wanafunzi hupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Kitaifa la Mitihani. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi za chuo kupitia mtandao wa KUCCPS, na ombi lake la mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupitia mtandaoni pia. Kila mojawapo ya milango hiyo ina tarehe ya kufungwa. Mtoto wa mjini ambaye mtandao wa shule yake umezimika huvuka barabara akaingia duka la jirani. Mtoto wa kijijini hana duka hilo. Kwa hiyo mahali ambapo njia ya akiba inahitajika zaidi ndipo mahali inapoonekana kuwa anasa.

Je, ruta mbili hufanyaje kazi pamoja? Mbinu yenyewe ni ya zamani kidogo. Mwaka 1998 jopo la kimataifa la wahandisi wa intaneti lilichapisha itifaki iitwayo VRRP, ambayo vyombo vya makampuni mbalimbali huielewa. Ruta mbili hupewa anwani moja ya pamoja, na tarakilishi zote za shule huijua anwani hiyo tu. Ruta moja huteuliwa kuwa kiongozi, ya pili ikawa naibu. Kiongozi ndiye anayebeba mizigo yote, na kila sekunde moja hutoa tangazo fupi lenye maana ya "nipo". Naibu hukaa kimya akisikiliza. Matangazo yakikoma kwa muda wa sekunde tatu na ushei, naibu hujua kwamba kiongozi ameanguka, akaishika anwani ile ya pamoja na kuendelea na kazi. Mwanafunzi aliyekuwa akijaza fomu huenda asitambue kwamba lolote limetokea.

Mpango huu una mitego miwili ambayo mwalimu anapaswa kuijua kabla hajaisifia kazi ya fundi. Mtego wa kwanza ni pale ruta zote mbili zinapokuwa hai lakini haziwezi kusikiana, labda kwa sababu waya unaoziunganisha umechomoka. Naibu atadhani kiongozi amekufa, atajitawaza, na shule itakuwa na viongozi wawili wa anwani moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na watakaoumia ni wanafunzi, ambao ujumbe wao utayumba kati ya wababe hao. Ndiyo maana njia ya mawasiliano baina ya ruta mbili yapasa kuwekwa kwa uangalifu kama njia ya kwenda nje.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Kiongozi anaweza kuwa hai kabisa, akaendelea kutangaza "nipo" kila sekunde, ilhali waya wake wa kwenda nje umekatika. Naibu hatachukua hatua yoyote, maana matangazo anayasikia. Walimu wenzangu hawatakosa kuutambua mfano huu, kwani sote tumewahi kumwona mtu aliyetia sahihi katika daftari la mahudhurio lakini darasani hayumo. Dawa yake ni kuiagiza ruta ichunguze njia yake ya nje kila mara, na ikiona imefungwa ijishushe cheo yenyewe ili naibu ashike usukani. Fundi akikabidhi kazi bila kufanya hivyo, amekabidhi nusu ya kazi.

Faida ya mpango huu yaweza kukadiriwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaimudu. Mwaka una saa 8,760. Chukua njia moja ya mtandao inayofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda huo, kiwango ambacho masikioni ni cha kuridhisha. Asilimia moja iliyobaki ni saa 87 na dakika 36 za giza katika mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Sasa weka njia mbili za kiwango hicho, na tuseme kuharibika kwa moja hakuhusiani kamwe na kuharibika kwa nyingine. Uwezekano wa zote mbili kuwa zimezimika kwa wakati mmoja ni moja ya mia ya moja ya mia, yaani moja katika elfu kumi. Saa 87 zimekuwa dakika 53 hivi.

Msomaji makini atakuwa ameliona sharti nililolipenyeza katika hesabu hiyo: kuharibika kwa moja kusihusiane na kuharibika kwa nyingine. Sharti hili likivunjwa, hesabu yote huporomoka, na Afrika Mashariki imepata funzo hilo kwa gharama kubwa baharini. Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, ikafuatwa na TEAMS mwaka huo huo na EASSy mwaka 2010, kanda yetu ilipumua, kwani kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Tulidhani kwamba wingi wa kebo ni usalama. Februari 2012 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, na mawasiliano mengi yakahamishiwa TEAMS. Siku chache baadaye meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa karibu na Mombasa ikaikata TEAMS nayo. Tena tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika takriban wakati mmoja katika bahari ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kenya ilisuasua lakini haikuzimika, kwa kuwa ilikuwa na kebo nyingine, ikiwemo TEAMS, inayoelekea kaskazini hadi Falme za Kiarabu. Kebo mbili zilizolala katika bahari moja zilipatwa na msiba mmoja, na iliyotusitiri ni ile iliyoshika njia tofauti.

Turudi sasa Nyamarambe, ambako hatari haitokani na nanga za meli. Nyanda za juu za Gusii hupokea hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria, na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Wakazi wa huko hawahitaji mtu wa kuwahubiria habari za radi. Tuseme bodi imekubali, ruta mbili zimenunuliwa, na fundi ameziweka katika kabati moja, zikila umeme kutoka soketi moja, zote zikitegemea waya mmoja unaopita juu ya nguzo moja hadi barabarani. Radi moja ikipiga, ruta zote mbili zitaungua pamoja, na mjumbe aliyepinga ununuzi atapata ushahidi wa kudumu kwamba fedha zilipotea. Hiyo haikuwa akiba. Ilikuwa ni kuweka gunia la pili la mahindi katika ghala lile lile linalovuja.

Akiba ya kweli ina masharti, nami nitayataja kwa ufupi. Njia ya kwanza ikiwa ni waya wa faiba, ya pili iwe ni mawasiliano ya minara ya simu, tena ya kampuni nyingine. Ruta zisiwekwe chumba kimoja ikiwezekana kuzitenganisha. Kila moja iwe na betri yake na kinga yake dhidi ya radi. Njia ya pili haina haja ya kuwa na kasi sawa na ya kwanza. Mchezaji wa akiba si lazima awe nyota wa timu, mradi anaweza kuimaliza mechi. Kwa shule inayotaka kuwasilisha alama na kuwajazia wanafunzi fomu zao, njia ya pili yenye kasi ndogo inatosha, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kwanza.

Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote: akiba ijaribiwe. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta abiria walijikuta gizani kwa sababu jenereta iliyowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo haikuwaka. Chombo kilikuwepo, fedha zilikuwa zimelipwa, lakini siku ya haja hakikufaa. Basi kila muhula, siku isiyo na shughuli nyingi, mwalimu aizime ruta ya kwanza kwa makusudi mbele ya wanafunzi wake, wahesabu sekunde pamoja. Watakuwa wamejifunza somo la kompyuta, la hisabati na la uraia kwa wakati mmoja.

Najua nitajibiwa kwa methali. Mshika mbili, wataniambia, moja humponyoka. Nami naikubali methali hiyo bila kinyongo. Imesema moja humponyoka, haikusema zote. Mwenye moja, ikimponyoka, hubaki na mikono mitupu. Methali hiyo humwonya mtu anayegawanya bidii yake kati ya malengo mawili. Hapa lengo ni moja tu, nalo ni kumfikisha mwanafunzi penye haki yake, na kwa lengo hilo nyumba zetu zina methali nyingine iliyozaliwa jikoni: jifya moja haliinjiki chungu.

Walimu na wasomaji wangu, nimetaja hesabu na itifaki, lakini ombi langu kwenu ni dogo. Bodi za shule zitakapokutana tena, na mwalimu wa kompyuta atakaposimama na ombi lake, asiulizwe kama ruta ya kwanza imeharibika. Aulizwe itakapoharibika, mwanafunzi atapitia wapi. Asiye na jibu la swali hilo hana haki ya kumwita mwenzake mbadhirifu.